Njaa Baada ya Risasi: Vita vya Maji Maji na Jeraha Lake katika Fasihi

UTANGULIZI

Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa Tanganyika kati ya 1905 na 1907, vina nafasi ya pekee katika fasihi ya Waswahili. Vilitungiwa utenzi na mtu aliyeishi katika wakati wake. Vilitungiwa tamthilia na mwandishi aliyezaliwa mwaka 1943 katika pwani ile ile ya kusini. Kivuli chake kimeonekana tena katika riwaya iliyochapishwa mwaka 2020. Si vita vingi vya Afrika Mashariki ambavyo mhakiki anaweza kuvifuata hivyo katika tanzu tatu na kwa muda wa zaidi ya karne moja.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza swali moja: je, fasihi imelibeba vipi jeraha la vita hivyo? Kwa neno "jeraha" hatukusudii vidonda vya mwili peke yake. Tunakusudia pia lile linalobaki katika nafsi na katika jamii baada ya silaha kuwekwa chini: hofu isiyokwisha, ndoto, aibu ya kushindwa, imani iliyovunjika, na ukimya wa wale waliosalia.

Swali hili lina uzito kwa sababu ya namna tunavyozoea kuisoma kazi iliyo maarufu zaidi kati ya zile zinazohusika, yaani Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Katika shule na vyuo vyetu tamthilia hii imefundishwa kwa miongo mingi kama kazi ya umoja na uzalendo. Mwanafunzi huulizwa aeleze jinsi makabila yalivyoungana, naye hujibu, na hupata alama zake. Usomaji huo si wa uongo, lakini haujakamilika. Unaruka maumivu ili ufike haraka kwenye fahari. Hoja yetu ni kwamba Kinjeketile, ikisomwa sambamba na historia yake na pamoja na utenzi uliotangulia, ni kazi inayohusu jeraha zaidi ya ushujaa. Aidha, tutaonyesha kwamba kuna sehemu moja ya jeraha hilo, yaani njaa iliyofuata vita, ambayo fasihi yetu imeigusa kwa uchache mno.

VITA NA NJAA ILIYOVIFUATA

Hapana budi tuanze na historia yenyewe, kwani mhakiki asiyeijua hawezi kuona pale mwandishi alipoibadilisha. Mwezi Julai 1905, katika milima ya Matumbi, bara ya Kilwa, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba. Tendo hilo dogo lilikuwa na maana iliyoeleweka na kila mtu. Chini ya Gavana von Götzen, wenyeji wa kusini walikuwa wakilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya pamba ya pamoja kwa malipo yasiyofaa kitu, huku mashamba yao wenyewe yakiota majani. Juu ya hayo kulikuwa na kodi, na kulikuwa na maakida na askari waliokusanya kodi hiyo kwa kiboko.

Kabla ya hapo, tangu mwaka 1904, mganga aitwaye Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa akiwagawia watu maji ya dawa. Mapokeo yaliyokusanywa na Gilbert Gwassa yanasimulia kwamba Kinjikitile alichukuliwa na pepo Hongo, akazama katika kidimbwi, na kesho yake akatoka hai na nguo zake zikiwa kavu. Watu walimwendea kwa makundi kutoka mbali. Maji yale, yaliyochanganywa na mtama na mbarika, yalisemekana kwamba yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Umuhimu wake kisiasa umeelezwa mara nyingi: yaliwapa watu wa lugha na koo mbalimbali, ambao hawakuwa na mfalme mmoja, kiapo kimoja na ujasiri mmoja.

Wajerumani walimkamata Kinjikitile na kumnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Tarehe hii ina maana kubwa kwa uhakiki wetu, kwani inaonyesha kwamba mganga alikufa mwanzoni kabisa mwa vita. Hakuona mapigano makubwa. Hakuona siku ya tarehe 30 Agosti pale Mahenge, ambapo maelfu ya wapiganaji waliijia ngome ya Wajerumani wakiamini kwamba hawangedhurika, nao wakafyekwa na bombomu. Hakuwaona Wangoni wakiingia vitani baada yake, wala viongozi wao wakinyongwa kwa makumi pale Songea tarehe 27 Februari 1906.

Ijapokuwa mapigano haya yalikuwa ya kutisha, hayakuwa ndiyo yaliyoua watu wengi zaidi. Wakuu wa jeshi la Kijerumani walipoona kwamba waasi wametawanyika misituni na hawawezi kukamatwa, walichagua silaha nyingine. Walichoma vijiji na maghala, wakateketeza au kunyakua mazao, na kuwazuia watu kulima. Baadhi ya maofisa hao waliandika waziwazi kwamba ni njaa tu itakayoleta utii wa mwisho. Njaa ilikuja, na ikadumu hata baada ya vita kwisha. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba Waafrika 75,000 walikufa. Gwassa, baada ya utafiti wake, alitaja kati ya 250,000 na 300,000. Upande wa pili Wazungu waliouawa walikuwa 15. Ardhi iliyobaki bila watu ilirudiwa na pori, na pori likaleta mbung'o na wanyama. Sehemu kubwa ya nchi hiyo baadaye ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama ya Selous. Mgeni aliyekuja kuona tembo huko alipita juu ya mahame bila kujua kwamba ni mahame.

Kutokana na historia hii tunaweza kutambua majeraha matatu yaliyo tofauti. La kwanza ni la vifo vyenyewe. La pili ni la imani: watu waliambiwa kwamba risasi itakuwa maji, wakaiona risasi ikibaki risasi. La tatu ni la njaa, ambalo halina uwanja wa vita, wala shujaa, wala siku ya kukumbukwa, kwa kuwa mtu wa njaa hufa nyumbani au njiani akitafuta mizizi. Sasa tutazame jinsi fasihi ilivyoyashughulikia.

USHUHUDA WA MTU WA MJINI

Kazi ya kwanza ni Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa Lindi. Ulichapishwa Ujerumani mwaka 1933, kisha ukachapishwa tena mwaka 1957 na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Utenzi huu haukuanguka kutoka mbinguni. Mtunzi alikuwa na mapokeo marefu nyuma yake, tangu Utendi wa Tambuka wa 1728 ambao unasimulia vita vya Waislamu na Warumi. Karibu zaidi na wakati wake kulikuwa na utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhry kuhusu vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, ambavyo vilimalizika kwa kunyongwa kwa Abushiri huko Pangani mwezi Desemba 1889.

Mapokeo haya yana kanuni zake. Utenzi wa vita huanza kwa kumtaja Mungu, hupanga majeshi, huwataja mashujaa kwa majina, na hufikia kilele katika ushindi au kifo chenye heshima. Hemedi aliweza kuzifuata kanuni hizo, kwa kuwa vita vya Mrima vilikuwa na watu wa pwani, wenye nasaba, waliopigana kwa jina la dini na nchi yao. Abdul Karim alikuwa na kazi ngumu zaidi. Vita vyake vilianzia bara, kwa watu ambao wastaarabu wa mji wa Lindi hawakuwahesabu kuwa wenzao, na dawa iliyowasukuma vitani ilikuwa ya mganga, si ya shehe. Jicho lake ni la mtu wa mjini na Mwislamu, na linawatazama waasi kwa umbali na mara nyingine kwa lawama. Hata hivyo halifumbi mbele ya ukali wa Serikali ya Kijerumani.

Wahakiki wengine wameona hali hii ya kusitasita kuwa udhaifu, au hata usaliti. Sisi tunaona kwamba ndiyo inayoupa utenzi thamani yake kama ushuhuda. Bahari ya utenzi, yenye mishororo mifupi ya mizani nane na vina vinavyorejea, ilitengenezwa kubeba sifa. Hapa imelazimika kubeba maafa ambayo mtunzi hakujua ayape maana gani. Hakuweza kuwaita waliokufa mashahidi, kwa kuwa hawakufia dini, wala hakuweza kusema kwamba waliowaua walikuwa na haki. Akabaki akihesabu: nani alikwenda wapi, nani alikamatwa, nini kilichomwa. Wasomaji wa fasihi ya vita kutoka nchi nyingine wanaijua hali hii. Mara nyingi shahidi aliye karibu na tukio husimulia kwa mfuatano mkavu, na maana huja baada ya kizazi kimoja au viwili.

Kuna jambo jingine. Utenzi huu ulichapishwa kwanza Ulaya, katika jarida la wataalamu wa lugha, na haukupata kuenea katika madarasa ya watoto wa kusini wenyewe. Ushuhuda ulikuwapo, lakini waliokuwa na haja nao zaidi hawakuwa nao mikononi. Nusu karne ilipita watu wakisimuliana kwa sauti ya chini, nyumbani.

IMANI ILIYOVUNJIKA: KINJEKETILE

Baada ya Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 mambo yalibadilika. Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuutaja uasi wa Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kama uthibitisho kwamba watu wake hawakuukubali utawala wa kigeni kwa hiari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mradi wa utafiti, na mwaka 1968 wanafunzi walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka. Mwaka huo huo Gwassa na John Iliffe walichapisha mkusanyo wa kumbukumbu hizo. Mwaka uliofuata Kinjeketile ikatoka. Tamthilia hii ni zao la wakati huo: wakati ambapo taifa jipya lilitafuta mababu, na wazee wa mwisho walioonja vita walikuwa wakielekea makaburini.

Hussein mwenyewe alionya katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani si Kinjikitile wa historia. Ni kiumbe cha sanaa. Onyo hili limechukuliwa na wengi kama udhuru wa kawaida wa mwandishi, lakini linastahili kuchukuliwa kwa makini, kwa kuwa badiliko moja alilolifanya linageuza maana yote ya habari. Tumeona kwamba mganga wa historia alinyongwa kabla ya mapigano makubwa. Hussein anamwacha hai. Anamfanya asubiri, ashindwe kuwazuia watu, aone vita vikipiganwa na kushindwa, kisha akae kifungoni pamoja na wenzake walionusurika.

Kwa nini? Tunaamini kwamba ni ili mwenye neno akutane uso kwa uso na waliokufa kwa neno lake. Mganga wa historia hakupata kukutana nao. Alikufa akiwa bado na dawa yake, na wale waliouawa Mahenge hawakuwa na mtu wa kumuuliza. Jukwaani Hussein anawapa nafasi hiyo. Swali ambalo maelfu ya wajane na mayatima wa kusini hawakuwa na wa kumuuliza linaulizwa hatimaye: je, maji yalikuwa uongo?

Jibu analolitoa mwandishi ni gumu, na ndilo kiini cha tamthilia. Kinjeketile mwenyewe hana hakika. Alipokuwa amepagawa alitamka kwamba baada ya Mjerumani kuondoka watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Alipopata fahamu na kuelezwa aliyoyasema, alishtuka, kwani hapakuwa na ukombozi katika kutoka kwa bwana mmoja na kuingia kwa mwingine. Je, ni pepo gani aliyesema kwa kinywa chake? Kuanzia hapo anaishi na shaka ambayo hawezi kumshirikisha mtu, kwa kuwa neno limekwisha kutoka na limekuwa kubwa kuliko yeye. Anataka vita vicheleweshwe hadi Kitunda awafundishe watu mbinu za kupigana. Lakini watu waliokwisha kupewa matumaini hawawezi kuambiwa wasubiri.

Mwishoni Wajerumani wanamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, mtu wa busara na mkulima aliyeshuhudia kila kitu, anaona kwamba kusema hivyo ni kusema kweli. Kinjeketile anakataa. Anajua kwamba akikana maji, adui hatatangaza tu kwamba dawa ilikuwa bure. Atatangaza kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa, na watoto wa kesho watalirithi tangazo hilo. Kwa hiyo anakubali kufa na neno ambalo hana hakika nalo.

Hapa ndipo usomaji wa uzalendo unaposimama na kupiga makofi. Sisi tunaomba msomaji aendelee kidogo. Uamuzi wa Kinjeketile ni wa kishujaa kwa vizazi vijavyo, lakini una gharama kwa waliosalia. Mtu aliyepoteza wanawe wawili Mahenge anahitaji kuambiwa kweli ili aweze kuomboleza. Taifa, kwa upande wake, linahitaji neno lisilokanushwa ili liweze kuzaliwa. Mahitaji haya mawili hayapatani, na Hussein hayapatanishi. Anamweka Kitunda upande mmoja na Kinjeketile upande mwingine, na anaizima taa kabla hawajakubaliana. Ni haki kusema kwamba tamthilia yenyewe inabaki na jeraha wazi. Mwalimu anayeifunga kwa jibu la "umoja ni nguvu" hulifunika jeraha hilo kabla halijasafishwa.

Ulinganisho na fasihi yetu ya Kenya unasaidia. Miaka miwili kabla ya Kinjeketile, Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha A Grain of Wheat (1967), riwaya inayotokea katika siku chache zinazotangulia sherehe za Uhuru wa Desemba 1963. Mugo, ambaye kijiji kinamwona shujaa, ndiye aliyemsaliti Kihika. Kama Kinjeketile, amebeba jambo ambalo umma haulijui, na umma unamtaka awe alama ya kitu ambacho yeye mwenyewe hakiamini. Lakini Mugo anaungama mbele ya watu, na kwa kuungama anaipa jamii nafasi ya kuanza upya, japo yeye anapotea. Kinjeketile anakataa kuungama, na kwa kukataa anaipa jamii neno la kupigania. Waandishi hawa wawili, katika miaka ile ile ya mwanzo wa Uhuru, walikabiliwa na suala moja, nao wakatoa majibu mawili yanayopingana. Wanafunzi wetu wangefaidika kuyajadili majibu hayo pamoja, badala ya kukariri kila moja peke yake.

Kuhusu njaa, tamthilia inaanza kwa wanawake wakizungumzia upungufu wa chakula, kwa kuwa waume zao wamo katika shamba la Mjerumani. Huu ni uaminifu mkubwa kwa historia. Watafiti wa baadaye, kama Thaddeus Sunseri katika makala yake ya 1997 kuhusu Uzaramo, wameonyesha kwamba dhiki ya chakula na mzigo wa wanawake vilikuwa miongoni mwa mizizi ya uasi. Hussein aliligusa jambo hilo mapema. Lakini njaa ya mwanzo wa tamthilia ni ndogo ikilinganishwa na ile iliyokuja baadaye, na hiyo ya baadaye haimo. Pazia linaanguka gerezani, kati ya wanaume wanaobishana juu ya neno. Wake zao, tuliowaona mwanzoni wakitafuta cha kupika, tunawaacha wakiwa hai katika nchi ambayo maghala yake yanakaribia kuchomwa.

PEPO KAMA LUGHA YA JERAHA

Mhakiki anayetumia nadharia za kisasa za kiwewe, zilizotokana kwa sehemu kubwa na uzoefu wa askari wa Ulaya katika Vita vya Kwanza vya Dunia na wa Wayahudi katika Vita vya Pili, huenda akasema kwamba fasihi ya Maji Maji haina wagonjwa wa nafsi. Haina askari anayetetemeka hospitalini wala daktari anayemsikiliza. Kauli hiyo itakuwa ya haraka. Jamii za pwani na bara yake zina lugha yao ya kusema kwamba mtu amebeba kitu kilicho kizito kuliko uwezo wake: husema ana pepo.

Katika Kinjeketile, anayepagawa ni mtu anayeishi katika nchi ya viboko, ambapo mzazi hana uwezo wa kumlinda mtoto wake. Pepo Hongo anasema kile ambacho hakuna mtu mwenye akili timamu angethubutu kukisema mbele ya askari. Kwa maana hiyo upagawaji wa mganga ni dawa na pia ni dalili ya ugonjwa. Ni jeraha la watu wengi lililopata kinywa kimoja.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, ameirudia lugha hiyo katika riwaya yake Afterlives (2020). Ijapokuwa imeandikwa kwa Kiingereza, ulimwengu wake ni wa Waswahili wa pwani ya Tanganyika. Maji Maji imo katika kurasa za mwanzo kama mazungumzo ya watu wanaokumbuka mauaji ya Wajerumani, huku Ilyas, aliyelelewa na Wajerumani hao, akiwatetea. Kisha vinakuja vita vya 1914, na vijana wa nchi hiyo hiyo wanaingia katika jeshi lililowafyeka jamaa zao. Hamza anarudi akiwa na kidonda alichopewa na mkubwa wake mwenyewe, si na adui. Hasimulii. Usingizi wake unasumbuliwa na ndoto, na mkewe Afiya anajifunza kuishi na mambo ambayo mumewe hayatamki.

La muhimu zaidi kwetu ni mtoto wao. Amepewa jina la Ilyas, mjomba wake aliyepotelea vitani, na utotoni anaanza kusikia sauti. Familia inafanya kile ambacho familia ya Kiswahili ingefanya: inamtafuta mtaalamu wa mambo ya pepo. Msomaji anaelewa kwamba kinachomsumbua mtoto ni swali ambalo wakubwa hawakupata jibu lake: mjomba alikwenda wapi? Mtoto hakupigana, wala hakuzaliwa wakati wa vita, lakini vita vimemfikia. Hatulioni pigo hilo katika utenzi, kwa kuwa mtunzi alikuwa karibu mno, wala katika tamthilia, kwa kuwa tamthilia ilitazama mbele kwenye Uhuru. Ilihitajika zaidi ya miaka mia moja ili mwandishi aseme kwamba jeraha la vita hurithiwa kama jina linavyorithiwa.

FUVU NA KUMBUKUMBU

Msomaji anaweza kuuliza kama haya si mambo ya kale. Songea inatoa jibu. Mji huo unabeba jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906. Kuna makumbusho ya Maji Maji, na kuna makaburi ya walionyongwa. Hata timu ya kandanda ya mji iliitwa Majimaji. Kwa juu inaonekana kwamba kumbukumbu imepata makao. Lakini jamaa za nduna huyo wamekuwa wakisema kwa muda mrefu kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na wameomba kirudishwe kizikwe. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wajukuu na vitukuu, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia katika kulitafuta fuvu hilo.

Tendo hili lina heshima yake, na hatulidharau. Lakini linaturudisha kwenye hoja yetu. Fuvu ni la mtu mmoja mwenye jina. Waliokufa kwa njaa hawana fuvu linaloweza kudaiwa, kwa kuwa hakuna aliyewakata vichwa. Walizikwa walipoanguka, na wengi hawakuzikwa. Serikali inaweza kurudisha mfupa, lakini haiwezi kurudisha kisa ambacho hakikupata kusimuliwa. Kisa kama hicho ni kazi ya fasihi.

HITIMISHO

Tumeonyesha kwamba fasihi ya Maji Maji imepita hatua tatu. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini ulishuhudia bila kuweza kutoa maana. Tamthilia ya Hussein ilitafuta maana, na kwa kumwacha mganga hai ikamlazimisha aulizwe swali la wafiwa, lakini haikuthubutu kulijibu. Riwaya ya Gurnah ilitazama warithi, ikaonyesha jinsi ukimya wa wazazi unavyogeuka kuwa sauti masikioni mwa watoto.

Tumeonyesha pia pengo. Jeraha la kwanza, la vifo vya vita, limepata utenzi. Jeraha la pili, la imani, limepata tamthilia iliyo miongoni mwa bora kabisa katika lugha yetu. Jeraha la tatu, la njaa, ambalo liliua watu wengi kuliko bombomu, halijapata kazi yake. Sababu yake haifichiki. Njaa haina tendo moja, haina mkabala wa shujaa na adui, na mhusika wake mkuu angekuwa mwanamke anayechimba mizizi, si mwanamume anayekufa kwa neno. Tanzu tulizorithi hazikutengenezwa kwa ajili yake. Lakini bahari ya utenzi nayo haikutengenezwa kwa ajili ya kushindwa, na Abdul Karim aliilazimisha ibebe.

Kwa walimu wa fasihi tunapendekeza jambo moja la vitendo. Kinjeketile inapofundishwa, tarehe mbili ziandikwe ubaoni: 4 Agosti 1905, siku mganga aliponyongwa, na 30 Agosti 1905, siku ya Mahenge. Kisha wanafunzi waulizwe kwa nini mwandishi alizipindua. Atakayelijibu swali hilo atakuwa ameiona tamthilia kwa ndani, na atakuwa tayari kuuliza linalofuata: waliobaki nyumbani, baada ya pazia kuanguka, walikula nini?